Likizo ya Nani? Siku Saba katika Kijumba cha Mawe, Uingereza

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kututaka tutembee ndani yake tukizingatia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aliyekuwa mbora wa watu kwa watu wa nyumbani kwake.

Wasomaji wetu wapenzi, likizo ya shule imekaribia, na kama ilivyo ada, familia nyingi zimeanza kuulizana: mwaka huu twende wapi? Wapo watakaokwenda Lamu kwa jamaa, wapo watakaopanga nyumba Diani au Watamu, na wapo waliojaaliwa wana ughaibuni watakaowafuata huko. Sisi tungependa kutanguliza swali jingine, ambalo hatukulijua mpaka tulipofunzwa na safari yetu ya mwaka jana: likizo hiyo ni ya nani?

Mwezi wa Agosti tulijaaliwa, sisi na mama watoto, kumzuru binti yetu aliyeolewa Leicester. Ilikuwa mwaka wa nne hatujaonana naye ana kwa ana. Binti akaomba ruhusa kazini, akapanga nyumba mashambani kwa juma moja, Jumamosi hadi Jumamosi, katika kaunti ya Derbyshire. Tulikuwa watu wanane: sisi wawili, binti na mumewe, wajukuu watatu, na mwana wetu mdogo anayesoma chuo huko huko.

Nyumba yenyewe ilikuwa kijumba cha mawe chenye kuta nene na milango mifupi, mpaka mkwe wetu, ambaye ni mrefu, akazoea kuinama kama mtu anayeingia dauni. Mwenye nyumba hatukumwona. Ufunguo ulikuwa ndani ya kisanduku kando ya mlango, kinachofunguliwa kwa tarakimu, na mezani tulikuta mkate, maziwa na kijitabu cha maelezo: takataka zitupwe wapi, jiko liwashwe vipi, na siku ya kuondoka nyumba iachwe wazi saa nne asubuhi. Mama watoto alianza kwa kuosha kila sufuria na kila sahani, na hilo ndilo lipasalo kwa vyombo usivyojua vimepikiwa nini. Kisha akatoa mkobani vitu ambavyo kijitabu hakikuvitaja: kopo la chooni, mbuzi ya kukunia nazi ambayo hakuna aliyejua ataitumia wapi, na vifurushi vya iliki, bizari na mdalasini kutoka Marikiti. Nyama ya halali tuliibeba kutoka Leicester katika sanduku la barafu.

Tukatafuta kibla. Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini. Kule Uingereza Makka iko kusini-mashariki, na wajukuu ndio waliotuelekeza, kwani kwao hilo ni la kila siku. Nyakati nazo zilitutaabisha. Jua lilikuwa likituа karibu na saa tatu usiku, Isha ikawa baada ya saa nne, na Alfajiri ikaja kabla mwili haujapata haki yake ya usingizi. Binti alidhani tutapunguza sala juma zima kwa kuwa tumo safarini. Tukamweleza kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, safari yake hukatika pale afikapo, hata kama ametoka mbali kiasi gani. Sisi tulinuia siku sita baina ya Jumamosi mbili. Basi tulizitimiza sala zetu. Tulilieleza hili kwa utulivu na ufasaha, nasi tukaridhika na elimu yetu.

Ama nchi ile, Mwenyezi Mungu ameipamba. Ni vilima vya kijani vilivyogawanywa kwa kuta za mawe, na kuta hizo zimejengwa bila chokaa wala saruji. Kwetu pwani fundi hainui ukuta wa matumbawe ila kwa chokaa au saruji. Kule jiwe hulaliwa na jiwe, kila moja likishikwa na uzito wa jirani yake. Katikati ya mashamba zimo njia za miguu ambazo sheria inamruhusu kila mtu kuzipita, hata zikikatiza malishoni mwa mwenye shamba, maadamu mpitaji hatoki njiani, haachi taka, na lango aliloliona limefungwa analifunga nyuma yake.

Mkwe wetu alitusimulia kwamba ruhusa za namna hii hazikupatikana kwa urahisi. Mwaka 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wafanyakazi kutoka Manchester, walipanda kwa pamoja mlima wa Kinder Scout, ambao wenye ardhi walikuwa wameufunga kwa ajili ya kuwinda ndege. Watano miongoni mwao walitiwa gerezani. Hawakutaka mali ya mtu. Walikuwa watu wa kazi nzito na moshi, wakitaka siku yao moja ya mapumziko wavute hewa safi. Mwaka 1949 ikapitishwa sheria ya hifadhi za taifa na njia za mashambani, na mwaka 1951 eneo lile, liitwalo Peak District, likawa hifadhi ya taifa ya kwanza nchini humo. Tuliyasikiliza haya tukitembea, nasi tukasema: kweli, mwenye kufanya kazi ana haki ya kupumzika.

Siku tuliyoyasema maneno hayo ilikuwa Jumatatu, siku yetu ya pili kamili. Tulikuwa tumeongozana na mkwe, mwana wetu na wajukuu mpaka bonde la Dovedale, maili moja tu kutoka kijijini. Mto Dove hupita hapo baina ya miamba mirefu ya chokaa, na mahali pamoja yamepangwa mawe makubwa ya kuvukia kutoka ukingo hadi ukingo. Wajukuu waliyavuka mara sita, na mara ya saba mdogo wao akatumbukia mguu mmoja. Tulirudi jioni tumechoka, tumefurahi, na tuna njaa.

Biriani ilikuwa tayari. Mama watoto na binti walikuwa wameisimamia tangu adhuhuri. Kabla yake walikuwa wamefunga sambusa tulizobeba njiani, na kabla ya sambusa walipika mahamri na mbaazi za nazi, kwani baada ya sala ya Alfajiri sisi wanaume tulirudi kulala, wao wakakanda unga. Wajukuu wakaanza kusimulia kwa pamoja habari za mawe na maji. Mama watoto akawa anawapakulia huku akiwasikiliza, kisha akauliza, bila ya lawama yoyote katika sauti yake: “Mto wenyewe ukoje?”

Wasomaji wetu, mto ule ulikuwa maili moja. Yeye alikuwa amesafiri kutoka Mombasa, amevuka bahari na mabara, na kwa siku mbili nzima hakuwa ameona ila dirisha la jikoni.

Tulikula, lakini tonge halikushuka vizuri. Katika khutba za nikahi, zaidi ya miaka ishirini, tumekuwa tukiwasomea maharusi hadithi aliyoipokea Imam Bukhari kutoka kwa Mama Aisha, Allah amridhie, kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, alipokuwa nyumbani alikuwa akiwahudumia watu wake, na sala ilipofika akatoka kwenda kusali. Tumeisoma, tumeifasiri, tumewaliza watu kwayo. Sala tulizitimiza kwa sababu sisi si wasafiri tena bali ni wakaazi wa nyumba ile, lakini hatukujiuliza ukaazi huo unatudai nini jikoni. Hatukuwa hotelini. Nyumba ya kupanga haina mpishi wala mfagizi. Kazi zote hubaki pale pale, na asiyezifanya amemwachia mwenziwe.

Usiku ule, baada ya Isha, tukawakusanya watu wazima na kusema kwamba kuanzia kesho wanaume watapika chakula cha jioni. Tulitarajia shukrani. Mama watoto akacheka, akasema, “Nani atapika, baba? Nyinyi? Mimi nimezoea.” Binti, aliyekuwa akifuta meza, ndiye aliyenyamaza. Kisha akatueleza kwa adabu yote kwamba juma lile alilingoja miaka minne. Alitaka akae na mamake, atembee naye, amweleze mambo ambayo hayaelezeki kwa simu watoto wakiwa wamesimama karibu. “Na tangu tufike,” akasema, “nimemwona mgongo. Mimi nakaanga, yeye anaosha.” Mama watoto akamjibu kwamba hata hivyo wamezungumza mengi jikoni kuliko sebuleni. Binti akakubali. Wote wawili walisema kweli, nasi tukaelewa kwamba kuwatoa tu jikoni hakutoshi. Walihitaji kuachiwa nafasi, wawili peke yao, bila ya mtu kuwaita.

Tukapanga hivi. Chai ya asubuhi wataipika wao kwa raha zao, jiko likiwa lao na mlango umefungwa. Chakula cha mchana kitakuwa mkate, mayai na matunda, kila mtu ajihudumie. Cha jioni ni cha wanaume. Vyombo wataosha wajukuu wawili wakubwa, na mdogo ataandika meza.

Jumanne tulipika wali, ukawa bokoboko. Mwana wetu aliutafuta ushahidi kwamba kosa ni la sufuria, hakuupata. Kila baada ya dakika mbili mmoja wetu aliita, “Mama, chumvi iko wapi?” Hapo ndipo tulipojua kwamba hata kuuliza ni kumfanyisha mtu kazi. Jumatano tulikaanga viazi na samaki, na hakuna aliyelalamika. Alhamisi hatukumwita mtu.

Alhamisi hiyo hiyo mama watoto na binti walitoka peke yao asubuhi, wakarudi alasiri, upindo wa buibui la mama umelowa. Walikuwa wamefika Dovedale. Binti anasema mamake alivuka mpaka katikati, akasimama juu ya jiwe moja, maji yakipita pande zote mbili, akakaa hapo muda mrefu huku wapitaji wengine wakisubiri kwa subira. Alipohimizwa avuke akajibu, “Niache kidogo. Hapa hakuna anayeniuliza chumvi iko wapi.” Mengine waliyoyazungumza siku ile hatukuambiwa, wala hatukuuliza. Tuliona tu kwamba binti alilala mapema, kwa utulivu ambao hatukuuona kwake tangu tufike.

Jumamosi tuliondoka saa tatu na nusu. Tulifagia wote wanane, tukaacha sufuria safi kuliko tulivyozikuta. Mbuzi ya nazi ilirudi Leicester bila ya kutumika.

Kwa familia zinazojiandaa kwa likizo, iwe ya nyumba ya kupanga Diani au mahali pengine popote, tuna nasaha tatu. Kwanza, kabla ya kulipia nyumba, kaeni muulizane nani atapika, nani ataosha na nani atatunza watoto, na jibu lisiwe jina moja. Pili, punguzeni chakula. Biriani ni neema, lakini si lazima ipikwe kila siku mahali ambapo mmekwenda kupumzika. Tatu, mama na binti yake, au dada na dada, wapewe siku yao. Kuunga kizazi ni jambo tulilousiwa, na haliungwi na watu wanaopeana migongo.

Na mwenye kuandika haya hakubaki salama. Tuliporudi Mombasa, Jumatatu ya kwanza mama watoto alikaa barazani baada ya Magharibi, akavuka mguu juu ya mguu, akasema kwa upole, “Sheikh, hukumu ya Uingereza imekwisha, au nayo inatimizwa huku?” Tukainuka tukaingia jikoni. Tangu hapo Jumatatu ni siku yetu. Wali sasa unaiva, alhamdulillahi, ingawa majirani waliitwa kuja kushuhudia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu mapenzi na huruma, na atuwezeshe kuyatenda tunayoyahubiri kabla ya kuwataka wengine wayatende. Wabillahi tawfiq.