Mgonjwa Ametoka Kilima Gani?

Ukiteremka kutoka Masisi ya milimani hadi Walikale ya msituni, magonjwa hubadilika njiani. Juu, kwenye malisho ya ng'ombe, baridi ya usiku na moshi wa jikoni huwaangusha watoto kwa homa ya mapafu. Chini, kwenye joto la msitu wa mvua, malaria ndiyo inayotawala. Familia iliyokulia juu, ikikimbia vita na kuteremka, hukutana na mbu wengi ikiwa na kinga ndogo. Homa ambayo kijana mwenyeji huivumilia inaweza kumfikisha mwenzake mkimbizi kwenye degedege na upungufu wa damu. Muganga wa kituo cha afya akisoma kipimo tu bila kuuliza wametoka wapi na wamefika lini, nusu ya ugonjwa imempita.

Swali hilo ni la kale. Hippocrates wa kisiwa cha Kos alizaliwa karibu mwaka 460 kabla ya Kristo, na kati ya maandishi yanayobeba jina lake, mengi yakiwa ya matabibu wengine, limo moja linalohusu hewa, maji na mahali. Linamtaka tabibu anayefika mji mgeni achunguze kwanza upepo, maji ya kunywa, udongo, majira, na namna wenyeji wanavyokula na kufanya kazi. Mengine yanasimulia habari za mgonjwa mmoja mmoja, siku baada ya siku, bila kuficha kwamba wengi walikufa. Nadharia yao iliyovuma zaidi, ya uwiano wa damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi, ilikuwa na makosa. Tabibu Galen aliieneza, matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu wakaiendeleza, kisha maabara ikaivunja, na ilistahili kuvunjwa. Ninachokitetea ni ile desturi ya kumtazama mtu pamoja na mahali anapoishi.

Matabibu wa mkondo wa Hippocrates waliandika pia juu ya kifafa, wakakataa kwamba ni adhabu ya miungu na kusema chanzo chake kiko ubongoni. Walikuwa sahihi. Hata hivyo, leo familia nyingi huku kwetu huanzia kwenye chumba cha maombi au kwa mtu wa mitishamba, na muganga anayewacheka anafanya kosa la kitabibu, si la adabu tu. Mama aliyedhihakiwa harudi, na tiba ya kifafa ni ya kurudi na kurudi. Fenobarbitali, dawa ya bei nafuu iliyoanza kutumika mwaka 1912, humezwa kila siku kwa miaka. Ikikatwa ghafla, kifafa kinaweza kuja kwa nguvu kuliko mwanzo, hata degedege lisikome.

Hapo vita huingia ndani ya dozi. Mgonjwa anayeishi kwenye barabara inayofungwa kila wiki akipewa vidonge vya mwezi mmoja, dawa ni sahihi lakini tiba haijakamilika. Anahitaji akiba, ndugu wa kumkumbusha saa ya kumeza, na karatasi yenye jina la dawa na kipimo ili muganga wa huko atakakokimbilia aendeleze. Anahitaji pia mtu wa kukaa naye jikoni, maana wengi wenye kifafa huangukia moto, na majeraha hayo huwatesa hata baada ya kifafa kutulia.

Ulaya ya karne ya 19 ilitupa mengi: mwaka 1816, mjini Paris, daktari Laennec alianza kusikiliza kifua kwa bomba, na baadaye vijidudu vikajulikana. Lakini wodi kubwa zilimzoeza daktari kuona kiungo kuliko mtu. Mwaka 1977 Mmarekani George Engel aliandika kwamba mwili, moyo na maisha ya mgonjwa lazima vitazamwe pamoja. Wakati huo, kule Kasongo, Maniema, waganga wa Kongo na wenzao wa Antwerp walikuwa wameshaanza, tangu miaka ya 1970 mwanzoni, kujenga vituo vidogo vya afya ambako nesi anazifahamu familia zake na hospitali iko nyuma yake. Fikra hiyo imo katika maeneo ya afya ya Kongo, ambayo leo ni 519. Inanisikitisha kwamba inatajwa kidogo hivi katika mafunzo yetu.

Masisi kuna mfano ninaoupenda kuliko yote. Karibu na hospitali kuu, inayosaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka tangu 2007, kuna makao ya wajawazito walio hatarini: wenye mapacha, waliowahi kupasuliwa, wanaotoka damu. Hukaa hapo wakisubiri uchungu, kwa sababu kubebwa kwa machela (tipoyi) usiku, kwenye matope na kati ya watu wenye silaha, kumewaua wengi. Ila mama anayesubiri hapo ana maharage shambani na watoto watano nyumbani, na wengine huondoka kabla ya siku zao. Kwa hiyo maswali ya kliniki ya wajawazito yaanze mapema, mwezi wa sita au wa saba wa mimba: nani atavuna, nani atapika, mume yuko wapi, mama mkwe amekubali? Majibu yaandikwe kwenye fishi ileile inayoandikwa presha ya damu.