Diski Nyingi Si Kinga ya Kila Hasara

WAFANYABIASHARA wanaonunua seva ya kuhifadhia hesabu za mauzo, madeni na mali ghalani hushauriwa kuchukua yenye mfumo wa RAID. Ushauri huo ni mzuri, lakini mnunuzi anapaswa kujua anacholipia. Mfumo huo hukinga hasara ya aina moja tu, nayo ni kufa kwa diski.

RAID ni utaratibu wa kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Jina hilo lilitokana na andiko la mwaka 1988 la David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani. Hoja yao ilikuwa ya gharama: diski nyingi za bei nafuu zinaweza kushindana na moja ya bei kubwa, ilimradi kuwe na njia ya kufidia itakayokufa.

Bei ya kinga

Kinga hiyo hulipiwa kwa nafasi. Diski 4 za terabaiti 4 zina jumla ya terabaiti 16. RAID 0 hutumia zote 16, lakini ikifa diski moja, kila kitu kimepotea. RAID 5 humwachia mnunuzi terabaiti 12 na huvumilia kifo cha diski 1. RAID 6 humwachia 8 na huvumilia vifo 2.

Hesabu yake haimshindi mwenye maduka matatu. Akijua jumla ya mauzo, akapoteza daftari la duka moja, atatoa mauzo ya maduka mawili kwenye jumla na kupata tarakimu iliyopotea. RAID 5 hufanya vivyo hivyo diski mpya inapowekwa. Kazi hiyo huweza kuchukua saa nyingi, na diski ya pili ikifa kabla haijakwisha, hasara haina fidia.

Juu ya diski hizo huwekwa hifadhi ya kimantiki, ambayo katika Linux huitwa LVM. Nafasi yote huwa mfuko mmoja, kisha hugawiwa mafungu kwa kadiri ya mahitaji, na fungu likielekea kujaa huongezewa. LVM pia huweza kupiga taswira, yaani kushika hali ya fungu ilivyokuwa saa fulani.

Somo la GitLab

Tofauti ya kinga hizi ilionekana Januari 31, 2017, katika kampuni ya programu ya GitLab. Fundi aliyekuwa akirekebisha hitilafu alifuta kwa makosa data za seva kuu, kiasi cha gigabaiti 300. Katika ajali kama hiyo RAID haina msaada, kwa kuwa amri ya kufuta hutekelezwa kwenye diski zote.

Nakala za akiba zilipotafutwa, hazikuwapo. Utaratibu wa kuzitengeneza ulikuwa ukishindwa bila wahusika kujua. Kilichookoa ni taswira ya LVM iliyopigwa saa 6 hivi kabla ya ajali na kunakiliwa kwenye seva nyingine. Hata hivyo, kazi ya saa hizo 6 ilipotea, zikiwemo akaunti mpya zipatazo 700.

Kwa mfanyabiashara, mpangilio ni huu: RAID kwa ajili ya diski kufa, taswira kwa ajili ya makosa ya mkono, na nakala ya akiba nje ya jengo kwa ajili ya moto na wizi. Taswira iliyobaki kwenye diski zilezile huteketea pamoja nazo.

Mwekezaji naye, anapopima kampuni inayoishi kwa data, asiridhike kuambiwa kuwa nakala zipo. Aulize ni lini mara ya mwisho zilirejeshwa kwa majaribio, na kazi ya saa ngapi ilikosekana.