Breka Ikikata, Usiilaumu

Ilikuwa saa nne za usiku, mwezi wa Februari, na theluji nje ilikuwa imefika karibu na dirisha. Nilikuwa nimetoka zamu hospitalini, miguu ikiniuma. Binti yangu wa miaka kumi na sita aliingia jikoni, akaketi bila hata kuvua koti, akaanza kulia.

"Mama, wananiita mwoga."

Kosa lake lilikuwa nini? Alikuwa amekataa kuweka breka kubwa zaidi kwenye roboti ya shule.

Mpenzi msomaji, huenda unacheka. Hata mimi nilikaribia kucheka. Kisha nikamjibu maneno ambayo ninayajutia hadi leo: "Mwanangu, mambo ya nyaya waachie wavulana. Wewe shika vitabu." Alinyamaza, akaenda kulala bila kula. Majuma mawili baadaye, mtoto huyo huyo ndiye aliyegundua hatari iliyokuwa imejificha ndani ya nyumba yetu wenyewe. Ndiyo sababu ya kuwaandikia.

MASHINDANO YENYEWE

Familia yetu imeishi Marekani, katika jimbo la Minnesota, tangu mwaka 2012. Huku shule nyingi za sekondari hushiriki mashindano ya roboti ya shirika liitwalo FIRST, lililoanzishwa na mvumbuzi Dean Kamen mwaka 1989. Mashindano ya kwanza yalifanyika mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa shule moja ya New Hampshire, timu zikiwa 28. Siku hizi timu ni maelfu. Kila Januari watoto hutangaziwa mchezo wa mwaka huo, kisha hubaki na majuma machache tu ya kujenga roboti inayoweza kufikia uzito wa kilo 50 hivi, ikiendeshwa kwa betri moja ya volti 12. Mechi moja ni kama dakika mbili na nusu.

Binti yangu alikuwa amekabidhiwa umeme wa roboti. Kesho yake sikuwa na zamu. Nilipika pilau, nikabeba sufuria hadi karakana ya shule, nikamwomba mtoto radhi. Kisha nikamwambia, "Haya, nionyeshe."

UMEME UNAVYOGAWANYWA

Alinieleza hatua kwa hatua, kama mimi ninavyomweleza mama anayekuja kliniki kwa mara ya kwanza.

Kwenye betri hutoka nyaya mbili nene. Waya wa chanya hupitia kwanza breka kuu ya ampea 120. Breka hiyo ina kitufe chekundu. Ukikibonyeza, roboti nzima inazimika. Kwa hiyo huwekwa mahali ambapo mkono wa mtu unafika upesi, lakini roboti nyingine haiwezi kukigonga na kuizima yenu katikati ya mechi.

Kutoka hapo umeme huingia kwenye sanduku la kuugawa. Walikuwa na mawili ya kuchagua. La zamani, la kampuni ya CTR Electronics, lilikuwa tayari kabatini. Lina nafasi 16: nane za hadi ampea 40 na nane za hadi ampea 30. La pili, la kampuni ya REV Robotics, lilianza kutumika msimu wa 2022, nalo lina nafasi 20, zote za hadi ampea 40, pamoja na nafasi chache ndogo za vifaa vyepesi. Hilo lilihitaji kununuliwa. Binti yangu hakuanza na bei. Alianza kwa kuhesabu mota. Zile kubwa zinazohitaji ampea 40 zilikuwa tisa, na sanduku la zamani lina nafasi nane za aina hiyo. Hesabu ikaamua, wakanunua.

Kila mota hupewa breka yake peke yake. Breka hizi ni ndogo, zaingia kiganjani mwa mtoto. Ndani mna kipande cha metali kinachopinda kikipata joto. Umeme ukizidi, joto huongezeka, kipande hupinda na umeme hukatika. Kikipoa, hurudi chenyewe.

"Sasa unajuaje uweke breka ya ampea ngapi?" nikamwuliza. "Unatazama nguvu ya mota?"

"Hapana, mama. Unatazama waya. Breka imewekwa kuulinda waya usiungue."

Sheria za mashindano yao zimepanga hivi: breka ya ampea 40 inahitaji waya wa geji 12 au mnene zaidi; ya 30, geji 14; ya 20, geji 18. Namba ya geji ikipungua, waya ndivyo unavyonenepa. Geji 12 ni kama milimita 3.3 za mraba, na geji 14 ni kama 2.1.

Hapo nikaelewa ugomvi wao. Mota ya mkono wa roboti ilikuwa na breka ya 30 na waya wa geji 14. Breka ilikuwa ikikata kila mara, mkono unasimama. Wavulana wakasema iwekwe ya 40 mambo yaishe. Yeye akasema waya ule hauruhusiwi kubeba breka ya 40.

WALITAFUTA CHANZO

Akina mama wenzangu, mgonjwa akiwa na homa hatuvunji kipimajoto. Watoto wale walikuwa wanataka kufanya jambo la namna hiyo.

Sanduku la kugawa umeme hupima ampea zinazopita katika kila nafasi na kuzionyesha kwenye kompyuta. Waliposoma, waliona mota ya mkono inavuta umeme mwingi mfululizo, hata mkono ukiwa haujabeba kitu. Breka za aina hii huvumilia mzigo mkubwa kwa muda mfupi. Mota iitwayo CIM, kwa mfano, ikizuiwa isizunguke huvuta ampea 131, lakini breka ya 40 haikati papo hapo. Kwa hiyo breka inayokata mara kwa mara inasema kwamba kuna mzigo usiokoma.

Walifungua mkono. Mnyororo ulikuwa umekazwa kupita kiasi, na ekseli ilikuwa imepinda kidogo. Walibadilisha ekseli, wakalegeza mnyororo, na ampea zikashuka. Breka ile ile ya 30 ilifanya kazi hadi mwisho wa mashindano. Kombe hatukulipata, lakini mkono haukusimama tena, na kijana aliyemwita binti yangu mwoga alikuja kumwomba radhi bila kutumwa.

BREKA YA NYUMBANI

Nyumba yetu imeungana na chumba cha kuwekea gari. Humo tuna friza, na wakati wa baridi huwasha hita. Watoto wetu wawili wadogo wanalala chumba cha juu yake. Breka ya chumba hicho ilikuwa ikikata kila hita ilipowaka, basi mwaka uliotangulia baba watoto alinunua breka ya ampea 30 akaibadilisha mwenyewe. Haikukata tena. Mimi mwenyewe nilimsifu.

Jumamosi moja binti yangu alitoka huko na tochi mkononi, uso umebadilika. "Mama, waya huu ni geji 14. Breka yake hapa Marekani ni ya ampea 15."

"Lakini kwenye roboti si mliweka 30 kwa waya huo huo?"

"Nyaya za roboti ni fupi, ziko wazi hewani, na mechi ni dakika mbili na nusu. Huu umefunikwa ukutani, na hita inawaka usiku kucha."

Nilikaa chini. Kisha likaja swali la pili: nani atamwambia baba? Mtoto hamsahihishi baba yake mbele ya watu. Tulingoja amalize kula, wadogo wakalala. Binti akasema taratibu, "Baba, naomba nikuonyeshe kitu."

Alisimama mbele ya ile soketi kwa muda. Akaigusa; ilikuwa ya moto, na plastiki yake imegeuka rangi ya kahawia. Hakubisha. Alizima breka, akasema, "Kesho tunamwita fundi."

Fundi alikuta ganda la waya limekauka na kuanza kupasuka karibu na soketi. Alibadilisha waya, akarudisha breka inayostahili, na hita akaivutia laini yake peke yake. Malipo yalikula fedha tulizotenga kwa safari ya Krismasi kwenda Moshi kumwona mama mkwe. Nilimpigia simu nikamweleza yote. Akasema, "Nitawangoja mwakani. Wote mkiwa wazima."

MAMA MWENZANGU, SHIKA HAYA

1. Breka ikikata mara moja, punguza vyombo vilivyowashwa. Ikiendelea kukata, kuna chanzo. Kitafutwe.

2. Usikubali mtu aweke breka kubwa zaidi bila kupima waya, wala kipande cha waya wa shaba mahali pa fyuzi. Breka isiyokata inaweza kuuacha waya uungue ukutani.

3. Pasi, hita, jiko la umeme na birika ni vyombo vizito. Usiviwashe pamoja kwenye soketi moja ya kuongezea.

4. Soketi ikiwa ya moto, au ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, zima meni swichi na umwite fundi mwenye leseni. Usifungue mwenyewe.

5. Waonyeshe watoto wakubwa meni swichi ilipo na namna ya kuizima.

6. Mtoto akija na jambo usilolijua, keti umsikilize kabla ya kumjibu.

Hilo la sita ndilo lililonigharimu zaidi. Nilitamani binti yangu awe muuguzi kama mimi. Sasa anasema atasomea umeme. Baba yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwambia, "Nenda."