Chumba cha mpangaji ni makao yake, hata kama bayeri analala mlango wa pili

Kwetu huku, Bukavu, Uvira, Goma ao Bunia, wenye kupangisha wengi hawana nyumba mbili. Wanaishi parseli moja na wapangaji wao: koridoo moja, choo kimoja, robine moja. Ndiyo sababu tunasikia kila mara: "Ni nyumba yangu, naingia saa ninataka." Neno hilo limeshafikisha watu mbele ya jaji.

Kifungu cha 69 cha kitabu cha pili cha sheria ya adhabu kinasema mambo tofauti. Kinamwadhibu mtu anayeingia, bila amri ya mamlaka, ndani ya nyumba, chumba ao makao yanayokaliwa na mtu mwingine, kwa vitisho, kwa nguvu, kwa kuvunja, kwa kuruka ukuta ao kwa ufunguo wa bandia. Adhabu ni kifungo cha siku 8 mpaka miaka 2, pamoja na amande, na kesi inaenda mahakama ya amani, ile tunaita Tripaix.

Soma tena: "yanayokaliwa". Sheria haikuandika "mali ya mtu mwingine". Kwa hiyo hati ya kiwanja haimalizi kesi. Kinachotafutwa ni nani alikuwa analala mule, nani alishika ufunguo, na kama alikuwa analipa. Mwenye nyumba anayevunja kadena ya mpangaji yuko sawa na jirani yeyote aliyevunja. Kuishi chini ya paa moja hakumpi ruhusa. Katiba nayo, kifungu cha 29, inakataza kuvamia makao ya mtu, na haiulizi kama amejenga ao amepanga.

Koridoo na uwanja ni mambo mengine, kwa sababu pale wote wanapita. Na kama mwenye nyumba ameingia mlango ukiwa wazi, bila kutisha wala kuvunja, kifungu cha 69 ni vigumu kumshika. Lakini hajapona. Sheria ya mapatano ya mwaka 1888, ambayo ingali inatumika, inamlazimisha amwache mpangaji atumie nyumba kwa amani. Kumkatia umeme, kumfungia choo, kutoa mabati ili mvua imfukuze: yote hayo yanaweza kumfanya alipe hasara. Hii ya mabati, kwa kweli, ni aibu, na bado tunaiona.

Tusiwasahau wenye nyumba. Kuna wajane ambao chakula chao ni ile pesa ya nyumba tu. Miezi mitatu bila malipo ni miezi mitatu ya njaa. Wako na njia. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inaruhusu garanti isiyopita miezi 3 kwa nyumba ya kulala (wale wanaoomba miezi 6 wajue hilo), na preavi ya miezi 3 kabla ya mpangaji kutoka. Mkigombana, muende kwanza ofisi ya Habitat ya komini ili iwapatanishe. Ikishindikana, inaandika PV, na PV ile ndiyo inafungua mlango wa mahakama. Kushika vitu vya mpangaji kwa mikono yako mwenyewe, hapana. Hiyo ni kazi ya afisa wa mahakama.

Swali linaloleta fujo zaidi ni la wageni. Familia nyingi zimepokea ndugu waliokimbia vita. Kama halipi kitu, si mpangaji, na preavi ya miezi 3 haimhusu. Lakini hata yeye hatolewi nje kwa fimbo. Na kama kila mwezi anatoa pesa ileile, hata mukiita "mchango", jaji anaweza kuiona ni pesa ya nyumba. Jina mulilolipa halimfungi.

Basi muandike. Risiti yenye saini, ujumbe wa pesa uliotumwa kwa simu, jina la jirani aliyekuwapo siku ya kupeana ufunguo. Pale ambapo vita imefunga milango ya mahakama, karatasi hizo muzitunze mbali na ile nyumba munayogombania. Siku jaji atarudi, ataziomba.