Je, Wajua? Homoni na Saratani ya Matiti

Je, wajua kwamba masista ndio walioanza kutufumbua macho? Mwanzoni mwa miaka ya 1700, daktari wa Italia Bernardino Ramazzini aliona saratani ya matiti ikiwapata watawa wa kike zaidi kuliko wanawake wengine. Neno homoni lenyewe lilikuwa bado halijazaliwa!

Masista hawazai wala hawanyonyeshi, kwa hiyo hedhi zao huwa nyingi zaidi. Kila mzunguko huleta estrojeni na projesteroni, na homoni hizo huziamsha seli za titi zigawanyike. Kadiri zinavyogawanyika, ndivyo nafasi ya kukosea inavyoongezeka.

Shika hesabu hii. Mwaka 2002 watafiti walijumlisha takwimu za wanawake zaidi ya 140,000 kutoka nchi 30. Kila mtoto aliyezaliwa alipunguza hatari kwa asilimia 7, na kila miezi 12 ya kunyonyesha ikapunguza asilimia 4.3 nyingine!

Na aliyevunja ungo mapema? Kila mwaka mmoja wa kuwahi huongeza hatari kwa takriban asilimia 5.

Sogea, hili ndilo linalonisisimua kuliko yote. Mwaka 1895, huko Glasgow, daktari George Beatson alimtoa ovari mwanamke wa miaka 33 ambaye saratani yake ilikuwa imeshindikana. Miezi minane baadaye uvimbe haukuonekana tena! Ugonjwa ulirudi na mama huyo akafariki, lakini alikuwa amepata miaka ambayo hakuna aliyeitarajia. Beatson alikuwa amekata chanzo cha estrojeni, homoni ambayo maabara zilikuja kuipata ikiwa safi mwaka 1929.

Unadhani ovari zikistaafu estrojeni inakwisha? Wapi! Baada ya hedhi kukoma, mafuta ya mwilini ndiyo huendelea kuitengeneza. Ndiyo maana unene wa umri huo huongeza hatari. Pombe nayo huongeza, hata kidogo.

Je, wajua kwamba dawa maarufu ya saratani hii ilianza kama kidonge cha uzazi wa mpango kilichofeli? Tamoxifen ilitengenezwa Uingereza mwaka 1962, mikononi mwa mkemia Dora Richardson. Badala ya kuzuia mimba, iliwasaidia wanawake kupevusha mayai! Lakini kwenye titi hufanya kama abiria anayewahi kiti cha daladala: ikishakaa, estrojeni haina pa kukaa. Na kwenye mifupa ya mama aliyekoma hedhi? Dawa ileile hufanya kama estrojeni na kuimarisha mifupa hiyo.

Haya, jiandae. Mwaka 2002 Marekani ilisimamisha utafiti wa wanawake zaidi ya 16,000 waliokoma hedhi, kwa sababu waliopewa vidonge vya estrojeni pamoja na projestini (projesteroni ya kutengenezwa) walipata saratani ya matiti zaidi. Wengi nchini humo wakaacha vidonge hivyo, na mwaka 2003 wagonjwa wapya wakapungua kwa karibu asilimia 7! Ila wenzao wasio na kizazi, waliopewa estrojeni peke yake, walipata saratani hiyo kwa uchache kuliko waliopewa kidonge kitupu. Umeona maajabu?

Nawe baba, usifunge ukurasa. Mwili wako pia unatengeneza estrojeni, na katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya matiti, mmoja hivi ni mwanamume. Naye hutibiwa kwa tamoxifen ileile!