Kisumu: Bandarini Kwanza, Kisha Dunga

Aghalabu wageni waendao Kisumu kupunga hewa hushika moja kwa moja njia ya Dunga, kijiji cha wavuvi kilichoko kilomita chache kusini mwa mji, wakala samaki, wakakodi mashua wakatazame viboko, na jioni wakarejea hotelini wakiamini kwamba ziwa wamelimaliza. Siwalaumu, maana sifa za Dunga ni za haki. Lakini atakaye kuifahamu pwani hii, heri aanze bandarini.

Mombasa na Lamu zilikuwa bandari karne nyingi kabla garimoshi halijajulikana, ilhali bandari ya Kisumu ni zao la reli. Njia iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingoni mwa Ghuba ya Winam tarehe 20 Desemba 1901, na mahali pale pakaitwa Port Florence, kwa jina la mkewe Ronald Preston, mmoja wa wasimamizi wa ujenzi. Hata kabla ya hapo, meli ndogo ya William Mackinnon, iliyoletwa kutoka Uingereza vipande vipande, ilikuwa imekwisha kuungwa papa hapa na kushushwa majini mwaka 1900. Baadaye pamba ya Uganda ikawa yavuka ziwa na kupakiwa mabehewani, hata reli ilipofika Kampala mwaka 1931, Kisumu ikaachwa kando ya njia kuu. Meli ya Uhuru, iliyoundwa miaka ya 1960 ili ivushe mabehewa, nayo ilikaa gatini miaka mingi, ikarejea safarini mwaka 2019.

Baada ya hayo ndipo Dunga hudhihirika ilivyo. Hapa hapana gati wala winchi. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi huwasha taa zao majini, zamani karabai na siku hizi aghalabu za jua, ili omena wavutwe na nuru. Na kukipambazuka wanawake huwatandaza juu ya nyavu kuukuu, wakiwageuza kwa mkono na kuwafukuza korongo wadokozi. Ngege hukaangwa mzima hata ngozi ikakauka, kisha hutiwa nyanya na vitunguu, na huliwa kwa ugali, kwa vidole. Njia ya mbao hukupitisha katikati ya mafunjo, ambamo samaki wachanga hujificha na ndege huweka viota.

Si kwamba Dunga haina masaibu: mbuta, aliyetiwa ziwani miaka ya 1950, amewala samaki wengi wa asili, na gugumaji, pepo zikilisukuma, huzifungia mashua ufukoni. Hata hivyo, bandari imeinuka na kuanguka kwa maamuzi yaliyokatwa London, Nairobi na Kampala, lakini kijiji kimedumu kwa mavuno ya ziwa lenyewe. Kwa hiyo, serikali ikitengeneza gati kwa fedha nyingi huku mafunjo yakifyekwa na mazalio ya samaki yakifukiwa, itakuwa imeiponya bandari na kuliua ziwa ambalo meli zake zaelea juu yake.