Kuchanja: wembe au sindano?

Leo tulitazame neno moja tunalolitumia sana hapa Bariadi na Simiyu yote: kuchanja.

Asili yake ni kupasua au kukata kwa kitu chenye makali. Kuni huchanjwa kwa shoka. Ngozi huchanjwa chale kwa wembe, kisha dawa hupakwa penye damu. Ilipokuja kinga ya ndui, nayo iliingizwa mwilini kwa kukwaruza ngozi, basi ikaitwa chanjo. Kinga hiyo, aliyoianzisha Edward Jenner wa Uingereza mwaka 1796, ndiyo iliyoumaliza ugonjwa huo. Mgonjwa wa mwisho aliyeupata kwa njia ya kawaida alikuwa Merca, Somalia, mwaka 1977.

Neno ni lile lile, lakini matendo ni mawili. Mzazi ukiambiwa mtoto amechanjwa, uliza: kwa wembe au kwa sindano? Chale hazimkingi mtoto na surua wala pepopunda. Tena zaweza kumletea maradhi.

Wembe ukipita kwa watu wawili hubeba damu ya wa kwanza hadi kwa wa pili. Ndivyo Ukimwi na homa ya ini huweza kuambukizwa. Virusi vya homa ya ini aina ya B huishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata damu ikiwa imekauka. Vijidudu vya pepopunda navyo hukaa katika udongo na samadi, na sisi ni wakulima na wafugaji. Kuufuta wembe kwa kitambaa au kuusuuza kwa maji hakutoshi.

Ndugu msomaji, zingatia haya:

1. Kila mtu na wembe wake mpya, iwe ni kumnyoa mtoto siku ya saba, kunyoa kwapa au kunyoa sehemu za siri.

2. Kwa kinyozi, hakikisha wembe unafunguliwa mbele yako.

3. Kutahiri kufanyike kwenye kituo cha afya.

4. Wembe uliotumika utie katika kopo lenye mfuniko, kisha uutupe katika choo cha shimo. Usiuache jalalani wanapocheza watoto.

5. Mpeleke mtoto kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14. Hapo hukingwa na pepopunda na homa ya ini B. Chanjo ya surua hutolewa akiwa na miezi 9 na 18.

Dini yetu imetukataza kujidhuru na kuwadhuru wengine. Wembe mmoja kwa nyumba nzima ni madhara tunayoyaingiza wenyewe ndani. Tuuache.